Injini Kubwa katika Gari Kuukuu: Somo la Upatanisho

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hii tuliifundishwa tangu shule ya msingi, tukaitumia kuanzia na kufungia insha zetu, na wengi wetu tukatuzwa alama kwa ajili yake. Hata hivyo, ni wachache miongoni mwetu waliowahi kulishika koleo lenyewe. Mimi nilikuwa katika kundi hilo hadi likizo ndefu iliyopita, nilipoitwa na mjomba wangu nimsaidie kulitia gari lake injini nyingine, kubwa kuliko ile liliyotoka nayo kiwandani.

Makala haya yana madhumuni mawili. Kwanza, yanakusudia kumweleza msomaji namna injini yenye ujazo mkubwa inavyoweza kutiwa katika gari la zamani nyumbani, pasipo karakana kubwa. Pili, yanakusudia kuonyesha kwamba kazi hiyo hutawaliwa na kanuni ambayo kila mwanafunzi wa Kiswahili anaifahamu, nayo ni upatanisho. Sidai kwamba nimekuwa fundi. Nilikuwa mshika taa na mshika kamba, na kama itakavyobainika hapa chini, hata kamba yenyewe niliishika vibaya.

Gari na haja yake

Mjomba anaishi Voi. Gari lake ni Toyota Corolla la mwaka 1982, la kizazi kile ambacho mafundi hukiita KE70. Kwa miaka mingi gari hilo limekuwa likipitia Mwatate na kupanda hadi Wundanyi likiwa limebeba unga, sukari na sabuni za maduka ya huko juu, kisha likishuka na kabeji na nyanya za kuuzwa Voi. Msomaji aliyewahi kupanda Milima ya Taita anaijua barabara hiyo: kona juu ya kona, mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Karo yangu ya shahada ya kwanza ilitokana na safari hizo. Karo ya binamu yangu, ambaye sasa yuko kidato cha tatu, inatokana na safari hizo hizo.

Injini ya gari hilo ilikuwa imechoka. Ilitoa moshi wa buluu, ishara kwamba oili ilikuwa ikipenya na kuungua pamoja na petroli, na mlimani ililazimu kutiwa gia ya pili mapema mno. Mjomba alikuwa na njia tatu mbele yake. Angeweza kuifungua injini ile ile, kuichonga silinda na kuitia pistoni mpya. Angeweza kununua gari jingine, jambo ambalo mfuko wake haukuliruhusu. Au angeweza kutafuta injini iliyotumika, yenye afya na yenye nguvu zaidi, akaitia mahali pa ile ya kale. Akachagua njia ya tatu, akamwita fundi mmoja mzee, mzaliwa wa Lamu, aliyefanya kazi Mombasa kwa muda mrefu kabla ya kuhamia Voi.

Hesabu ya ujazo

Neno "injini kubwa" hutumiwa ovyo mitaani. Yafaa tulifafanue. Ukubwa unaozungumziwa si urefu wala uzito wa chuma, bali ni ujazo wa nafasi ambayo pistoni huipitia ndani ya silinda. Ujazo huo hupimwa kwa sentimita za ujazo, ambazo mafundi wetu huziita "sisi". Ili kuupata, tunahitaji mambo matatu: kipenyo cha silinda, masafa ambayo pistoni husafiri kutoka chini hadi juu, na idadi ya silinda.

Injini ya asili ya gari la mjomba ni ya aina ya 4K. Kipenyo cha silinda zake ni milimita 75 na masafa ya pistoni ni milimita 73. Tukichukua nusu ya kipenyo, tukaizidisha kwa yenyewe, kisha tukazidisha kwa 3.1416 na kwa masafa, na hatimaye kwa silinda nne, tunapata takriban sentimita za ujazo 1,290. Injini tuliyoitafuta ni 5K. Masafa ya pistoni zake ni yale yale milimita 73, lakini kipenyo cha silinda ni milimita 80.5. Hesabu ile ile inatupa sentimita za ujazo 1,486. Kwa milimita tano na nusu tu za kipenyo, ujazo umeongezeka kwa 196, yaani asilimia 15 hivi. Sababu ni kwamba kipenyo huingia katika hesabu mara mbili, ilhali masafa huingia mara moja.

Nilimuuliza fundi kwa nini tusitafute injini kubwa zaidi, maadamu tumekwisha kuamua kubadilisha. Alinijibu kwa upole, "Mwanangu, usioze gari la watu katika ukoo usioujua." Maana yake niliielewa baadaye. Injini za 3K, 4K na 5K ni za ukoo mmoja. 5K huungana na giaboksi ya 4K bila kutengenezewa kiungo kipya, na uzito wake haupishani sana na wa ndugu yake, hivyo springi za mbele hazilemewi. Iko pia 7K ya sentimita za ujazo 1,781, lakini masafa yake ni milimita 87.5, na injini yenyewe ni ndefu zaidi kwa kimo, hivyo huanza kugombana na boneti. Mtu akitia injini ya silinda sita katika gari dogo kama hili, itamlazimu kukata chuma, kuchomelea, kubadilisha springi, giaboksi na hata difu. Hiyo si kazi ya uani.

Kuichagua injini iliyotumika

Injini ya 5K ilipatikana Mombasa, ikiwa imetolewa katika Toyota LiteAce, kigari cha mizigo ambacho injini yake hukaa chini ya viti vya mbele. Kabla ya fedha kutolewa, fundi alifanya ukaguzi ambao ninauorodhesha hapa kwa faida ya msomaji.

Kwanza, alikifungua kifuniko cha kutilia oili, akatazama upande wake wa ndani. Kukiwa na utando mweupe mithili ya maziwa, huenda maji yamechanganyika na oili kwa sababu ya gasketi iliyoungua au kichwa kilichopasuka. Pili, alitia spana katika bolti ya puli ya mbele, akaizungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili, akisikiliza kama kuna mahali inapokwama. Tatu, alitoa plagi zote nne, akapima mgandamizo wa kila silinda kwa geji huku stata ikiizungusha injini. Muhimu zaidi, alieleza, ni kwamba silinda zote zikaribiane. Silinda moja iliyo chini sana kuliko wenzake ni dalili ya ugonjwa. Ikipatikana silinda dhaifu, hutiwa oili kidogo kupitia tundu la plagi, kisha hupimwa tena. Mgandamizo ukipanda, kasoro iko katika ringi za pistoni. Usipopanda, kasoro iko katika vali au gasketi. Huu ni utambuzi wa kimantiki kabisa, na nilijiambia kwamba wahakiki wa fasihi tungefaidika tukiwa na geji kama hiyo.

Kuitoa injini ya kale

Kazi yenyewe ilichukua siku nne. Hatua ya kwanza ilikuwa kuutoa waya hasi wa betri ili kusitokee cheche. Kisha tulimwaga maji ya rejeta, injini ikiwa baridi, na oili ya injini. Boneti ilitolewa baada ya kuchorwa alama pale bawaba zilipokaa, ili ikirudishwa ikae sawasawa. Yakafuata rejeta, feni, mpira wa petroli ambao uliziba kwa bolti fupi usivuje, kebo ya mafuta, bomba la eksozi, stata na nyaya zote. Giaboksi ilibaki mahali pake, ikiwa imeegemezwa juu ya jeki.

Nilipewa kazi iliyoonekana kunifaa: kuandika vibandiko vya kila waya na kila mpira. Nilifanya hivyo kwa Kiswahili sanifu na kwa mwandiko mzuri. Fundi alipovipitia, alisoma "mrija wa hewa" mara tatu, akaniuliza, "Mirija ya hewa iko mitatu. Huu ni upi?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimetaja aina ya kitu bila kutaja kazi yake wala mahali pake. Akanifundisha kwamba kila kibandiko sharti kiseme mambo mawili, kinatoka wapi na kinakwenda wapi, na kwamba vibandiko hufungwa pande zote mbili za kiungo. Tangu siku hiyo, kila ninapofafanua istilahi katika tasnifu yangu, najiuliza kama msomaji ataweza kuunga mrija kwa maelezo yangu.

Tweka, legeza, tua

Hapa ndipo ninapofikia jambo ambalo lingeweza kutuletea majonzi.

Palikuwa na mwembe mkubwa uani, na mjomba alipendekeza tuining'inize injini katika tawi lake. Fundi alikataa katakata. Tawi halisemi litavunjika lini, alisema, na injini ni chuma kizito kuliko mtu mzima. Alisimamisha mabomba matatu ya chuma yaliyofungwa pamoja juu, akaning'iniza kapi ya mnyororo katikati. Injini ilifungwa kwa mnyororo katika ndoano zake mbili, mbele na nyuma, na kamba moja ikafungwa nyuma yake kwa ajili ya kuiongoza isiyumbe. Kamba hiyo nilikabidhiwa mimi. Binamu yangu alipewa taa, kwa sharti kwamba asitie mkono wala mguu chini ya injini.

Fundi alipoanza kutoa amri, nilishtuka kwa furaha. Hakusema "inua" wala "shusha". Alisema "tweka" na "tua". Haya ni maneno ya mabaharia. Tanga hutwekwa na tanga hutuliwa. Mimi niliyajua katika mashairi ya pwani na katika kamusi. Sikuwahi kuyasikia yakimwamuru mtu afanye kazi. Mzee huyu alikulia Lamu miongoni mwa majahazi, na msamiati wa bahari alikuja nao hadi Voi, mbali na maji ya chumvi, akaufanya uinue injini ya Toyota. Kumbe lugha tuliyodhani imebaki vitabuni ilikuwa hai, ina mafuta mikononi.

Injini ya kale ilitoka salama. Injini mpya ilipokuwa ikiingizwa, fundi aliishusha polepole huku akitazama ncha ya shafti ya giaboksi. Mimi niliivuta kamba kwa nguvu zangu zote ili nyuma ya injini isigonge ukuta unaotenganisha injini na chumba cha dereva. Ghafla fundi akasema, "Legeza."

Nikaiachia kamba.

Injini iliyumba kwa nyuma, ikagonga ukuta ule kwa kishindo. Sekunde chache kabla ya hapo, binamu yangu alikuwa ameweka vidole ukingoni mwa giaboksi ili amwelekezee fundi mwanga. Aliviondoa kwa sababu mbu alimuuma shingoni. Sina maelezo mengine. Pale vidole vilipokuwa, rangi ilibanduka na chuma kikabonyea.

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Kisha fundi akaniuliza, bila kupaza sauti, "Mwalimu, legeza na achia ni neno moja?" Nilijibu kwamba si neno moja. "Basi kwa nini mkono wako umeyafanya moja?" Aliketi juu ya tairi, akanieleza jambo ambalo sikulipata katika somo lolote la semantiki. Kulegeza ni kupunguza mkazo huku kamba ikiwa bado mkononi. Kuachia ni kuiondoa kamba mkononi. Kuteremsha ni kuuongoza mzigo hadi chini. Kutua ni kuufikisha mahali pake ukapumzika. Chomboni, mtu asiyetofautisha maneno haya hapewi kamba.

Mjomba, ambaye alikuwa kimya muda huo wote, alimshika binti yake mkono akavihesabu vidole vyake kimoja kimoja kana kwamba hakuwahi kuviona. Jioni ile hatukuendelea na kazi.

Wenzangu, sisi hujadili visawe darasani, tukakubaliana kwamba hakuna maneno mawili yaliyo sawa kikamilifu kimaana. Tunaliandika hilo katika mtihani, tunapita. Mimi nililijua na bado nikaiachia kamba. Kulijua neno kwa ulimi ni hatua moja. Kulijua kwa mkono ni hatua nyingine, na kuna watu wasio na shahada yoyote waliotutangulia katika hatua hiyo.

Kanuni ya upatanisho

Tuirejelee sasa ile kanuni niliyoitaja mwanzoni. Tutazame sentensi hii: "Mti mrefu huu wetu umeanguka." Tukiibadilisha nomino moja tu, ikawa "miti", hatuwezi kuviacha vijenzi vingine vilivyokuwa. Sharti tuseme: "Miti mirefu hii yetu imeanguka." Nomino hutawala kivumishi, kionyeshi, kimilikishi na kitenzi. Mtu akisema "Miti mrefu huu wetu umeanguka," ataeleweka kwa shida, lakini ameivunja sarufi.

Gari nalo ni sentensi, na injini ndiyo nomino yake. Ukiibadilisha, vilivyobaki vyote vinadai kupatanishwa nayo. Nitavitaja vijenzi sita.

Kijenzi cha kwanza ni sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Sampu iliyotoka katika LiteAce ilikuwa na umbo la kukaa chini ya kiti, wala haikupatana na chuma cha mbele cha Corolla. Tuliiondoa, tukatia sampu ya ile 4K pamoja na bomba lake la kufyonzea oili. Vitu hivi viwili haviachanishwi: sampu ya umbo moja na bomba la umbo jingine huweza kuifanya injini ikose oili kwenye kona au mlimani. Raba za kushikilia injini na vyuma vyake pia zilitoka katika injini ya kale.

Cha pili ni klachi. Sahani ya klachi sharti ikubaliane na pande mbili: upana wake ufuate flaiwili ya injini, na meno yake ya katikati yafuate shafti ya giaboksi. Wakati wa kuifunga, iliwekwa katikati barabara kwa kipande cha mti kilichochongwa kufuata shafti. Isipokuwa katikati, giaboksi haiingii hata isukumwe na wanaume kumi.

Cha tatu ni kabureta. Tulitumia ile iliyokuja na 5K. Jeti za kabureta ndogo hupitisha petroli kidogo. Injini kubwa ikilishwa nazo hupata mchanganyiko mwembamba, ikapata joto kupita kiasi, na hatimaye kuunguza vali.

Cha nne ni rejeta. Injini inayochoma petroli zaidi hutoa joto zaidi, na Voi si mahali pa kufanyia majaribio ya joto. Rejeta ya kale ilizibuliwa na kuongezwa unene kwa fundi wa rejeta.

Cha tano ni eksozi, ambayo ilitiwa gasketi mpya na kukaguliwa isiguse mabomba ya breki.

Cha sita, na ambacho kilizua mjadala, ni breki zenyewe. Fedha za mjomba zilikuwa zimekwisha. Alisema gari lipande mlima kwanza, lipate riziki, kisha breki zitatengenezwa mwezi ujao. Fundi aliuchukua ufunguo wa gari, akautia mfukoni. "Mpanda ngazi hushuka," alisema. "Na wewe unashuka na mzigo."

Hoja yake ina ushahidi wa kisayansi. Nishati ya gari linalokwenda huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo wake. Gari lililozoea kwenda kilomita 40 kwa saa likienda 60, mwendo umeongezeka kwa nusu, lakini nishati ambayo breki hazina budi kuimeza imekuwa mara mbili na robo. Nishati hiyo hugeuka joto. Aidha, maji ya breki hunyonya unyevu kadiri miaka inavyopita, na unyevu huo hushusha kiwango chake cha kuchemka. Yakichemka katika mteremko mrefu, mvuke huingia ndani ya mabomba, na pedali huzama hadi sakafuni bila gari kupungua mwendo. Hivyo basi, anayeongeza nguvu ya kupanda bila kuongeza uwezo wa kusimama ameandika sentensi yenye nomino ya wingi na kitenzi cha umoja. Tofauti ni kwamba kosa hili halisahihishwi kwa kalamu nyekundu.

Nilikuwa na fedha nilizoziweka kwa ajili ya kuchapisha na kujalidi tasnifu. Nilizitoa. Tulinunua pedi za mbele, bitana za nyuma na maji mapya ya breki, tukayapitisha gurudumu kwa gurudumu hadi viputo vya hewa vikatoweka. Mjomba alisema nimelipa deni ambalo hakuwahi kunidai. Nami nilijua kwamba nilikuwa nikilipia vidole.

Kuiwasha, na kuiandikisha

Injini iliyokaa bila kazi haiwashwi kwa pupa. Plagi zilitolewa, stata ikaizungusha injini kwa vipindi vifupi hadi taa ya oili ikazimika, dalili kwamba oili imefika kwenye beringi. Ndipo plagi zikarudishwa. Ilinguruma mara ya tatu. Fundi alirekebisha wakati wa cheche, akakagua uvujaji wa petroli, maji na oili, akaizima, akangoja ipoe, akakaza tena bolti alizotaka kukaza.

Jambo ambalo wengi hulipuuza ni sheria. Hati ya umiliki wa gari nchini mwetu huonyesha nambari ya injini na ujazo wake. Injini ikibadilishwa, hati hiyo inakuwa imesema uongo. Yapasa mwenye gari aijulishe Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, gari likaguliwe na kumbukumbu zirekebishwe. Ahifadhi pia risiti ya ununuzi, ili asije akashukiwa kuwa na injini ya wizi. Kadhalika, aiarifu kampuni ya bima, kwa kuwa bima iliyotolewa kwa gari lenye maelezo mengine huweza kuleta ubishi siku ya ajali. Huu nao ni upatanisho, baina ya chuma na karatasi.

Hitimisho

Juma lililofuata tulipanda Wundanyi. Pale ambapo injini ya kale ilidai gia ya pili, hii ilikwenda kwa gia ya tatu bila kulalamika. Wakati wa kushuka, gari likiwa limejaa kabeji, mjomba alitia gia ya chini, akaiacha injini yenyewe ilizuie gari, akikanyaga breki kwa vipindi. Pedali ilibaki ngumu hadi Mwatate. Binamu yangu aliketi nyuma, mikono yote miwili juu ya gunia, akiimba.

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kuongeza nguvu katika chombo cha kale si kosa, mradi kila kijenzi kipatanishwe na nguvu hiyo, na kwanza kabisa kile kinachosimamisha. Yamejaribu pia kuonyesha kwamba karakana zetu ni hazina ya Kiswahili. Tunapolalamika kwamba lugha yetu haina istilahi za ufundi, tujiulize kwanza kama tumewahi kwenda kumsikiliza fundi, daftari mkononi, tukiwa tayari kusahihishwa. Wazee waliozaliwa majahazini na kuzeekea gereji hawatakaa milele. Napendekeza chama chetu kitenge safari moja kila muhula ya kukusanya maneno yao, pamoja na vitendo vinavyoambatana nayo.

Tasnifu yangu bado haijajalidiwa. Itajalidiwa.

Maswali ya kujadiliwa

1. Fafanua tofauti za kimaana baina ya vitenzi hivi: legeza, achia, teremsha, tua. Kwa kila kimoja, eleza mkono hufanya nini.

2. Taja maneno matano ya ubaharia ambayo umeyasikia yakitumiwa nchi kavu katika kazi yoyote ile.

3. "Injini ni nomino ya gari." Jadili udhaifu wa sitiari hii.